Kitufe cha Harusi Kwenye Msiba wa Baba Mkwe

Jamani, hii nilikuwa nimeapa siisemi, aibu yake bado inaniwasha, lakini kwa kuwa Kaengesa nzima, kijijini kwa wakwe zangu, wanaijua na hata sokoni Sumbawanga mama wa maharage akiniona anaziba mdomo kwa khanga, basi bora muisikie kwangu mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi.

Mimi nachapa kazi za watu steshenari, na wachapaji wananielewa: kidole kidogo cha kushoto, kile kinachoshikilia kontroli ukikopi, ukipesti, ukisevu, kutwa nzima, kilianza kuuma, maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko, ikafika mahali nashindwa hata kusonga ugali. Deo, mwenzangu wa dukani, akaniambia, "Dada, unajitesa bure, seti kitufe kimoja kimalize kazi yote." Akanionyesha. Nikaweka maneno ya kufungia risala ya harusi kwenye kitufe kimoja cha juu, na ya kufungia wasifu wa marehemu kwenye kitufe cha pembeni yake (pembeni yake! kibodi yote ile, na mimi nikachagua majirani). Mkono ukapoa, nikajiona mjanja kweli.

Kisha baba mkwe akafariki. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, na mkamwana mpya anatazamwa msibani kuliko hata jeneza, sasa mimi na mkono wangu ule, sufuria la ugali wa watu wote wale silisongi, ndoo sibebi, mawifi wakaanza, "Wifi wa mjini huyo, kucha zitavunjika." Iliniuma. Nikaona heshima yangu katika ukoo ule itaokolewa na kitu kimoja tu, nikamwambia mama mkwe, "Mama, wasifu wa baba niachieni mimi."

Asubuhi ya mazishi nikaenda mjini, nikaandika vizuri kweli, kuzaliwa kwake, shule ya misheni, mashamba ya ulezi, watoto, ugonjwa, huku bodaboda wa kunirudisha anapiga honi nje. Nikabonyeza kitufe cha kufungia, nikaprinti, nikatia kwenye bahasha, mbio. Sikusoma. (Nisome nini, si ni yaleyale ya kila siku?)

Makaburini akasimama baba mdogo, mzee anayesoma kila kilichoandikwa, polepole, nadhani hata nukta anaisoma. Watu wanalia, mawifi wananitazama kwa macho mapya kabisa, mmoja akanishika bega. Nikafarijika. Ndipo akafungua ukurasa wa mwisho: "Mwisho kabisa, tunakupongeza kwa hatua hii uliyoisubiri kwa hamu."

Kitufe cha harusi! Nikasema moyoni, ataishia hapo. Baba mdogo akakunja uso, akaweka miwani sawa, akaendelea, maana kwake karatasi ni karatasi: "Sasa sote tuingie ukumbini, tule, tunywe, tucheze hadi majogoo. Akina mama, vigelegele!" Na haki ya Mungu, bibi mmoja wa jumuiya, masikio yake mazito, alilisikia hilo la mwisho tu, akapiga kigelegele kirefu mbele ya kaburi lililo wazi. Katekista akadondosha kitabu cha nyimbo. Mume wangu akanigeukia taratibu, mdomo wazi. Nikatamani nitangulie mimi shimoni, baba mkwe asubiri.

Mama mkwe akauliza, "Nani kaandika?" Mawifi wote wakaninyooshea kidole kwa pamoja (hapo ndipo nilipouona umoja wa ukoo). Nikapiga magoti, "Mama, nisamehe, ni huu mkono, nilibonyeza..." Akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia, kumbe mama anacheka, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mwacheni," akasema. "Mimi na huyu baba tulifunga ndoa asubuhi, mchana tukaenda kupalilia. Sherehe aliniahidi miaka yote, leo ndiyo imetangazwa." Kisha akalia, akalia haswa, na sisi sote tukalia naye.

Yeye alinisamehe, mawifi bado, nikiingia tu uani lazima mmoja anong'one, "Akina mama!" na wenzake wajifiche jikoni wacheke. Vitufe vile nimevifuta vyote. Nachapa neno kwa neno, nikimaliza namsomea mteja kwa sauti mpaka nukta ya mwisho, na jioni naloweka mkono kwenye maji ya moto. Unauma. Acha uniume tu.