Pongo Juu ya Chungu cha Nyama

Shangazi yangu alikuwa na hoteli ya udongo pale Busia, upande wa Uganda, karibu na kizuizi ambapo askari walisimamisha malori yanayoingia Kenya. Ilikuwa na meza nne, mabenchi, na paa lililovuja mvua ikizidi. Mume wake alikuwa amefariki na hawakujaliwa mtoto. Hoteli ile ndiyo iliyomwezesha kukaa kwake mwenyewe badala ya kurudi kijijini Petta kwa kaka yake, yaani baba yangu.

"Nikifunga hapa," alikuwa akisema, "nitakuwa mgeni wa wake za kaka yangu mpaka nife."

Nilipomaliza darasa la nne nilipelekwa kwake nimsaidie. Nilikuwa msichana wa kunyamaza. Wateja wakiniita nilileta chakula bila kuinua macho, na shangazi aliwaambia, "Msameheni, sauti yake tumeisahau Petta."

Mwaka ule ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hoteli nyingine, yenye kuta za chokaa na santuri iliyoimba kutwa. Wateja wetu wakahama mmoja mmoja. Walipita mlangoni wakitusalimia kwa upole, jinsi mtu anavyomsalimia mgonjwa, kisha wakavuka. Shangazi akasema msimu wa kupakia pamba ndio utakaoamua. Wapakizi wa ghala la pamba walikuwa wengi, nao walikula pale nyapara wao alipokula. Akija kwetu, tumepona. Akivuka barabara, tunafunga.

Chokaa hatukuweza kununua. Lakini kwetu Petta wanawake husiriba nyumba zao baada ya mavuno na kuzipamba kwa udongo wa rangi, na mama alikuwa amenifundisha tangu nikiwa mfupi kuliko dirisha. Nikamwambia shangazi, huku nikiangalia ndoo, kwamba kuta hizi naziweza.

"Haya, jaribu," akasema. "Hutaziharibu zaidi ya zilivyo."

Nilichota udongo mweupe mtoni, mwekundu kwenye kichuguu, na tope jeusi kwenye mafunjo. Nikachanganya na majivu na mavi ya ng'ombe ili ushike. Brashi zangu zilikuwa vijiti nilivyotafuna ncha. Sehemu ya chini ya kuta nilipiga mawimbi kwa vidole, kama mama afanyavyo. Juu nikachora korongo wenye taji na majani ya maboga yanayotambaa hadi kwenye paa. Shangazi alipoona, naye akaingia kazini. Akatundika vibuyu, akasimamisha mafunjo makavu pande mbili za mlango, akafunga viota vitupu vya ndege mnana kwenye boriti, vikawa vinazunguka upepo ukipita. Akataka pia samaki juu ya chungu cha samaki na kuku juu ya chungu cha kuku.

"Watu wetu wengi hawasomi," akasema. "Waone kwa macho, wasinisumbue kwa maswali."

Pembe moja ilibaki tupu, karibu na meza kubwa. Hapo nikachora kitu changu mwenyewe, kwa kupenda tu. Nilichora pongo, yule mnyama mwekundu wa vichakani mwenye madoa meupe. Nilikuwa nimemwona alfajiri moja nikienda kuteka maji, yeye na mtoto wake. Nikawachora wote wawili, mkubwa akiwa amegeuza kichwa kama aliyesikia mtu.

Watu wakaanza kuingia kutazama, na wengine wakakaa.

"Hii si hoteli, hii ni msitu," dereva mmoja akasema. "Mama, weka mimi karibu na kuku. Naogopa chui."

"Chui bado," shangazi akajibu. "Usipokula, nitamwambia huyu akuchoree."

Kisha mvua ikanyesha sana, na maji yakadondoka mahali pa chungu cha nyama. Shangazi akakihamishia kwenye ile pembe kavu, chini ya pongo. Hakuna kati yetu aliyewaza jambo.

Kesho yake nyapara wa pamba akaingia na watu wake wote. Alikuwa Msamia, wa kabila la pale mpakani, mtu mzima mrefu mwenye koti la kaki, asiyepaza sauti. Akakaa kwenye meza kubwa. Shangazi mwenyewe akampakulia posho, yaani ugali, na nyama. Nyapara akanawa, akamega, akachovya, akala. Tonge la pili halikufika mdomoni. Alikuwa anatazama ukuta.

"Mama," akasema, "hii nyama ya nini?"

"Ya ng'ombe, mzee."

"Samaki iko juu ya samaki. Kuku iko juu ya kuku." Akanyoosha kidole. "Na hapa juu ya nyama, iko nani?"

Mpakizi mmoja kijana akacheka. "Mzee, picha tu hiyo. Kula, inapoa."

"Wewe nyamaza. Wewe ukoo yako inakataza nini? Konokono?"

Hakuna aliyecheka tena. Wengi wa wapakizi wale walikuwa wa ukoo wake, na ukoo wao haumli pongo, haugusi hata ngozi yake. Pongo kwao ni ndugu. Walisema anayemla, hata bila kujua, hubambuka ngozi na kulegea meno, na haingii nyumbani kwake mpaka wazee wamtakase. Na siku zile kila mtu alijua kwamba wawindaji waliuza nyama ya porini kwenye hoteli kwa mlango wa nyuma. Mmoja baada ya mwingine wakaweka chini matonge yao. Mmoja alitoka nje, tukamsikia akijitapisha.

Shangazi akachukua upawa akatafuta mfupa chunguni, maana mfupa wa ng'ombe ungesema wenyewe. Akakoroga, akainua, akakoroga. Siku ile alikuwa amenunua nyama tupu na kuikatakata vipande vidogo.

"Futa," akaninong'oneza. "Mfute huyo mnyama sasa hivi."

Nikachukua tambara na ndoo. Nilikuwa nimeinua mkono tu.

"Wacha!" Hapo ndipo nyapara alipopaza sauti. "Unataka kumwua mbele yangu? Na mtoto wake?"

Nikabaki na tambara mkononi, maji yakinidondokea miguuni. Nikimwacha, ni makosa. Nikimfuta, ni makosa zaidi.

"Mimi sitoki hapa," nyapara akasema, "mpaka nijue nimemeza nini. Na nikijua ni yeye, hii nyumba hakuna mtu wa kwetu atakula tena, wala wa Tororo, wala wa ng'ambo ya mpaka."

Shangazi akanishika bega kwa nguvu. "Kimbia bucha. Mwenye bucha aje mwenyewe."

Bucha ilikuwa upande wa Kenya. Nikakimbia. Kwenye kizuizi askari akaniita, "Binti, nani anakufukuza?" lakini nikampita mbio. Bucha ilikuwa imejaa watu, nami nikasimama nyuma yao kama nilivyozoea, nikingoja mtu anione. Hakuna aliyeniona. Mwenye bucha alikuwa akipasua mbavu na kutaniana na wanawake. Nikamfikiria shangazi amesimama mbele ya wanaume wale wote na upawa wake.

"Shangazi yangu anafungiwa hoteli!" nikapiga kelele. "Njoo useme ni ng'ombe!"

Wote wakageuka.

"Kumbe huyu anasema?" mwenye bucha akacheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Nilipomweleza, hakuuliza la pili. Alifuta kisu, akainua kichwa cha ng'ombe kilichokuwa sakafuni, akakiweka begani, tukatoka mbio.

"Huyo wa begani," askari wa kizuizi akasema tulipopita, "kibali chake kiko wapi?"

Hotelini hakuna aliyekuwa amesogea. Posho ilikuwa imekauka kwenye sahani. Mwenye bucha akaweka kichwa mezani, pembe zikagonga ubao.

"Mzee, huyu ndiye uliyemla. Leo nimechinja mmoja tu, na mama huyu alikuwa mtu wa kwanza mlangoni kwangu. Mimi nimeoa kwenu. Nikikudanganya katika jambo kama hili, mke wangu atanifungia nje na watoto watamsaidia."

Nyapara akashika sikio la ng'ombe, akalipapasa muda mrefu. Akavuta pumzi.

"Sawa. Ni ng'ombe."

Shangazi akaanza kushukuru, lakini mzee alikuwa amekwisha kusimama.

"Ila mimi siwezi kula nyama yeye akinitazama," akasema, na kutoka. Watu wake wakamfuata, wakaacha sahani zimejaa. Ng'ambo ya barabara santuri ilikuwa inaimba.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikaa mbele ya vyungu bila kuwasha moto. Akipika kidogo na waje, amewafukuza. Akipika kingi na wasije, kitakachooza ni mali yote aliyobaki nayo. Mwishowe akainuka. Akakirudisha chungu cha nyama mahali pake pa zamani, ingawa palivuja, akaniambia nichore ng'ombe juu yake. Chini ya pongo akaweka maharage. Kisha akapika kingi.

"Wakija wamekuja," akasema.

Adhuhuri tukawaona wanashuka kutoka ghalani, vumbi la pamba nywele nzima. Walifika kati ya hoteli mbili wakasimama katikati ya barabara. Nyapara aliwaambia neno ambalo hatukulisikia. Shangazi alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Lori likapiga honi, nao hawakupisha.

Kisha mzee akaja, peke yake. Akamtazama ng'ombe wangu, ambaye rangi yake ilikuwa bado mbichi. Akaenda pembeni akasimama chini ya pongo.

"Hapa ndani iko nini?"

"Maharage, mzee."

Akafunua akaona mwenyewe, akakaa. Alipokaa, wengine wakaanza kuingia.

"Nani alichora huyu?"

Shangazi akanionyesha kwa kidevu. Nikatazama sakafu.

"Wewe binti. Pongo jike umemwona wapi ana pembe?" Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. "Huyu ana mtoto, na ana pembe. Ni baba au ni mama?"

"Nimtoe mtoto?" nikauliza. Nilisikia sauti yangu ikifika mpaka mlangoni.

"Mtoto acha. Toa pembe. Leo nakupa ruhusa mimi."

Nikaleta udongo na kijiti changu, nikapanda kwenye benchi, nikaanza kufunika pembe polepole, wao wakila nyuma yangu na kuelekeza. Shangazi alipita na sahani za maharage mikono yote miwili.

"Ukimaliza hapo," akasema bila kusimama, "wale wa mlangoni hawajanawa."