Kisanduku cha Nne

Gazeti likilowa mafuta ya gari hutoa harufu yake yenyewe, nzito na tamu kidogo, na kila nikiinusa uso huniwaka. Juzi niliinusa nikipita penye gereji moja Gihosha, nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Baba alikuwa fundi wa magari Buyenzi. Magazeti ya Kiswahili aliletewa na dereva mmoja wa lori aliyevuka mpaka kutoka Kigoma, na mwisho wake yalikuwa ya kufutia mikono. Lakini kabla hayajawa matambara, ukurasa wa fumbo la maneno, lile la visanduku, ulikuwa wetu. Mimi nilisoma vidokezo kwa sauti; yeye alijibu kutoka chini ya gari, miguu tu ikionekana. Nilipenda vidokezo vya hila, ambamo neno linasema jambo moja huku limeficha jingine. Tukipata jibu, miguu ilitikisika. "Neno ni kama moteri ya gari," alikuwa akisema, "usiogope kuifungua." Kwa wateja alijigamba kwamba hakuna kidokezo kinachonishinda, nami niliamini.

Siku moja dereva yule alileta gazeti jipya, akataka aone kwa macho yake. Wateja wakasogea. Baba akatoka chini ya gari, amejaa fahari na grisi. Kidokezo kilisema: Kata mtumba katikati, nusu ya kwanza ndiye atakayevaa. Herufi tatu.

Macho yangu yaliona mtumba, mdomo wangu ukasoma mutumba, kama tulivyoliita mtaani kwetu robota la nguo kuukuu. Jibu likanijia palepale. Mutu! Nikaliandika kwa haraka, na ile u ya mwisho ikabaki nje, haina pa kukaa.

Dereva alicheka mpaka akashikilia boneti. Akauliza, wala si kwa ubaya, kama watu wa huku huzaliwa na herufi moja zaidi. Wengine nao wakacheka. Baba akaichukua kalamu mkononi mwangu na, kwa vidole vyake vyeusi, akachora kisanduku cha nne pembeni, kwenye weupe wa karatasi.

"Mutumba ya kwetu ni mukubwa, ndugu yangu," alimwambia dereva. "Mupatie mutu nafasi."

Kicheko kiliongezeka, na mimi nikadhani wanamcheka yeye.

"Papa, wacha," nilisema. "Unatuaibisha."

Baba aliniangalia kidogo, akanirudishia kalamu, akajilaza tena chini ya gari. Nilisoma kidokezo kilichofuata, nikakisoma tena. Miguu haikutikisika. Tangu siku ile magazeti yalinifikia yakiwa yameshachanwa vipande.

Chuoni nilipata sifa ya kuuliza maswali. Nimebishana na walimu kuhusu nani anaamua Kiswahili kipi ni sanifu, na wenzangu wakanipigia makofi. Hakuna aliyejua kwamba swali lile baba alishaliuliza kwa kalamu, mbele ya watu, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Tena ilinichukua miaka kuona kwamba utani wake ulikuwa mtamu kuliko fumbo lenyewe. Hawakuwa wakimcheka. Walikuwa wakicheka naye.

Hivi karibuni nilimuuliza kama anaikumbuka siku ile. Akasema "apana", anakumbuka tu kwamba lile lori lilikuwa na springi iliyovunjika. Ningependa kumwamini. Lakini nimeona anavyowaandikia kaka zangu kwenye simu: mutoto yangu hivi, mutoto yangu vile, kwa raha zake. Mimi ananiandikia "mtoto wangu", kwa uangalifu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Kila ujumbe wake ukiingia naitafuta ile u. Bado hajanirudishia.