Orodha moja inasema weka, nyingine inasema toa

Leo nimemlaumu Mama Joshua, mwalimu wa kompyuta, mbele ya wanafunzi wake, kumbe mkosaji ni mimi.

Nilikuwa chuoni kwao, hapa Bagara, naweka programu kwenye kompyuta. Siweki kwa mkono. Naandika maelekezo mara moja, mashine zote zinayafuata zenyewe.

Zikamaliza. Rehema, mwanafunzi asiyeona, akavaa hedifoni.

"Kaka, yangu haiongei."

Kesho ana mtihani wa kompyuta. Programu ya kumsomea skrini haikuwepo. Nikarudia. Ikaingia, baada ya dakika mbili ikatoweka.

"Mwalimu, kuna mtu wako anaifuta," nikasema, tena kwa sauti.

Mama Joshua hakukasirika. "Hebu tusome hayo maelekezo yako."

Orodha ya juu: weka programu ya kusoma skrini.

Orodha ya chini, niliyoiandika mwaka jana ili kuzuia muziki darasani: toa programu zote za sauti.

Mashine ilitii zote mbili, kwa mpangilio: iliiweka, kisha ikaitoa, maana nayo ni ya sauti.

Nimeifuta orodha ya chini. Nimeongeza na amri: orodha zikipingana, mashine isimame iniulize kwanza.

Rehema akajaribu tena, akatabasamu. "Sasa inaongea. Mwombe mwalimu msamaha, na iwe kwa sauti ileile."

Nimeomba. Darasa zima limepiga makofi.

Nyie mlishaumbuka hivi kazini?