Mikono ya Mama Mdogo, na Mdomo Wake

Baada ya kumaliza chuo nilikosa usingizi kwa miezi mingi, na kila mtu alidhani ni kwa sababu ya ajira. Hata mimi nilipenda wadhani hivyo. Swali lililokuwa likinigeuza kitandani lilikuwa dogo na la aibu zaidi: nimwonyeshe nani kichwa changu?

Daktari wa ngozi wa mjini Bukoba ndiye aliyelianzisha. Aliniambia ugonjwa wangu unaitwa soriasisi. Ngozi ya kichwa changu inajitengeneza upya haraka kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana inarundikana na kuwa magamba. Hauambukizi, hata kwa kuchangia chanuo. Hauponi ukaisha kabisa, lakini unatulizika. Akanipa mafuta ya kulainisha magamba na dawa ya maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, kisha akanitazama.

"Dawa iguse ngozi, isiishie kwenye nywele. Ugawanye nywele mstari kwa mstari. Peke yako hutaweza, kisogo chako hukioni. Nyumbani nani atakusaidia?"

"Mama," nikajibu.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Nyumbani Nshambya tulikuwa wawili tu, mimi na baba, mwalimu mstaafu ambaye hadi siku hizo aligusa kichwa changu kwa sababu moja tu, kunibariki nikisafiri. Nilijifungia chumbani na vioo viwili. Dawa iliteremka shingoni, ikaingia masikioni, ikazing'arisha nywele. Ngozi ilibaki kavu, ikiwasha. Asubuhi foronya yangu ilikuwa kama meza ya mtu aliyekanda chapati.

Ukweli ni kwamba jibu nililijua. Jibu lilikuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, aliyekuwa akiishi Kishanda kule Muleba. Nilimzunguka tu kila usiku, kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa.

Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia kwake. Shule yetu ya msingi iliruhusu wasichana wasuke mtindo mmoja tu, twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kipajini hadi kisogoni, na hakuna mtu Kishanda aliyeinyoosha kama yeye. Jumamosi mchana, ndizi zikiwa jikoni, alitoka na chanuo la mbao, kopo la mafuta ya mgando na kigoda, akaketi mlangoni panapoingia mwanga. Wasichana wa ukoo na wa jirani tulisubiri zamu. Tulitaka Jumapili, tukiingia kanisani, wanaoketi nyuma yetu waone mistari yake.

Zamu yangu ikifika niliketi chini katikati ya magoti yake na kulaza shavu kwenye paja. Khanga yake ilinukia moshi na kahawa. Alinigeuza kichwa kwa kunishika kidevu, bila kuniomba. "Inama. Inuka. Huku. Usilale, sisuki maiti." Nikisinzia alinigonga kidogo kwa mgongo wa chanuo. Mvua ikinyesha tulisogezwa ndani hatua moja, na matone yakaanza kupiga majani ya migomba kwa kishindo ambacho mpaka leo nikikisikia popote nahisi vidole kichwani. Alipomaliza, alichota mafuta kwa ncha ya kidole na kukipitisha taratibu katika kila njia aliyoifungua. Hapo ndipo nilipokuwa nikisinzia kweli, na hapo hakunigonga.

Sekondari tulinyolewa. Nilipomaliza kidato cha sita nikaacha nywele ziote, na yeye ndiye aliyezisuka mara ya kwanza kabla sijaondoka kwenda chuo Mwanza. Alizipima kwa kiganja, akasema, "Sasa hiki ndicho kichwa," nami nikatembea na sifa hiyo wiki nzima.

Hiyo ndiyo mikono yake. Tatizo lilikuwa mdomo.

Mama mdogo hakuwahi kuweka neno ndani likalala. Wala si kwa ubaya. Habari kwake zilikuwa kama akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna: mgeni akiingia anapewa, la sivyo nyumba itaonekana haina kitu. Nikiwa msichana mkubwa kiasi niliwahi kukojoa kitandani usiku wa homa. Kesho yake njiani, katekista mzima alisimamisha baiskeli kunipa pole. Nilipopata hedhi ya kwanza, nilipongezwa na mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa gulioni.

Ndiyo maana ugonjwa ulipoanza, mwaka wa pili chuoni, wakati wa mitihani, nilimficha yeye kwanza. Nilidhani ni mba. Nikajaribu limau, shubiri, maji ya kitunguu, na shampuu ambayo msichana wa chumba cha pili aliiapia. Magamba yakazidi, meupe, manene, yakashuka hadi nyuma ya masikio. Siku moja nilikwenda saluni. Msusi aliingiza chanuo, akalitoa, akaita wenzake waje watazame. "Dada, una mapunye?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu. Nilipokuwa nafunga kilemba changu nilimwona akilimwagia lile chanuo maji ya moto, na picha hiyo nilirudi nayo hosteli na kukaa nayo miaka.

Tangu hapo nilifunga kilemba. Krismasi ile nikasingizia kazi ya utafiti na sikwenda Kishanda. Pasaka nikasingizia malaria. Nilipomaliza chuo na kurudi Bukoba visingizio vilikuwa vinaniishia, kwa hiyo nikavitengeneza mapema, kwa zamu. Nilisoma kwenye simu kwamba pombe huweza kuuchochea ugonjwa, nikaacha hata lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilisoma kwamba mawazo nayo huuchochea, nikaanza kuwaza kuhusu kuwaza. Nilikuwa na hoja kwa kila upande. Mama mdogo akiona atacheka. Asipocheka atalia. Akilia watu watakuja kuuliza kalilia nini, naye atawaambia. Na itakuwaje kama atashindwa kunigusa? Hiyo ya mwisho nilikuwa siimalizii. Msusi wa saluni nilikuwa simjui, na bado maji yake ya moto yaliniunguza. Yeye je?

Baba ndiye aliyenikwamua, bila kukusudia. Tulikuwa uani tukigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye turubai.

"Nikuulize kitu," alisema. "Kama hutaki kujibu, usijibu."

"Uliza tu, baba."

"Siku hizi unasali wapi?"

"Si tunakwenda wote kanisani kila Jumapili?"

"Tunakwenda, ndiyo." Akageuza kahawa ambayo alikwisha kuigeuza. "Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nipo hapa, unaniona."

"Mama yako mdogo kapiga simu. Anasema kama umeokoka, yeye hana ugomvi na Mungu. Ila mtu akihama anaaga."

"Nani kaokoka, baba?"

"Kilemba hukivui," alisema, akitazama chini kama mwalimu anayemsomea mwanafunzi makosa yake kwa huruma. "Saluni huendi. Lubisi umeacha, hata kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani ulinywa maji. Kishanda hufiki. Sasa mtu ajumlishe nini hapo?" Akashusha sauti. "Jumuiya yao ya kanisa imekuwekea nia. Kila wakikutana wanasali rozari ili urudi."

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya kahawa. Baba naye akacheka, kwa tahadhari, hajui kama ni kicheko cha mlokole au cha mwanawe. Kisha machozi yakanitoka na hayakuwa ya kicheko. Miaka yote hiyo nilijificha ili nisisemwe, kumbe nasemwa. Wanawake wa Kishanda walikuwa wakipiga magoti sakafuni kuniombea nipone ugonjwa nisiokuwa nao, na ule niliokuwa nao ukinila peke yangu.

"Sasa kama si wokovu, ni nini?" baba aliuliza.

"Ni ngozi, baba. Ya kichwani. Kuna dawa ya kupaka, lakini siwezi mwenyewe."

Aligeuza viganja vyake, akavitazama. "Mikono yangu ni ya chaki na jembe," alisema. "Nitakuumiza. Nenda kwa mama yako mdogo."

Alisema kama vile ni kwenda dukani. Nilitaka kumweleza zile hoja zangu za kila upande, lakini pale juani, mbele ya kahawa, hazikukaa vizuri mdomoni. Kesho yake nikapanda gari la Muleba, kisha pikipiki, na chupa za dawa nimezifunga kwenye taulo ndani ya mkoba. Mara mbili nilitaka kumwambia dereva wa pikipiki ageuze.

Mama mdogo alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Nilipiga goti nikamsalimia kwa Kihaya. Aliitikia vizuri, kisha akahamia Kiswahili, lugha yake ya kesi na ya dhihaka.

"Karibu, mlokole. Umekuja kutuhubiria? Ngoja kwanza ndizi ziive, nitatubu nikiwa nimeshiba."

"Mama, mimi si mlokole."

"Ndivyo mnavyosema."

"Walokole hawasemi hivyo, mama. Wao ukiwauliza wanakubali, tena kwa sauti."

Kisu kilisimama. "Kweli." Alinitazama kuanzia miguuni, akapanda taratibu hadi tumboni. "Basi una mimba."

"Mimba ya kufungia kilemba?"

"Mmesoma sana siku hizi, mimi nitajuaje?"

"Nimekuja unipake dawa," nikasema, na kabla sijapata nafasi ya kuwaza nikavuta pini na kukivua.

Kuku walikuwa wakiparua kwenye maganda. Nilisikia kila ukwaruzo.

"Mawe," alisema, kama tunavyomwita mama jambo linapotuzidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko na kwa maombolezo, lakini mikono yake ilibaki mapajani, myeusi kwa utomvu wa ndizi, na nilikuwa sijajiandaa kwa hilo.

"Kinaambukiza?"

"Hapana."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Na yeye alikugusa, au alitazama kutoka kule mezani kwake?"

Ilinibidi nikumbuke. "Alinigusa. Kwa mikono mitupu."

"Haya."

Akainuka. Alinawa kwa sabuni, akasugua kwa majivu, akanawa tena, na nikaelewa kwamba anautoa utomvu ili usinichafue nywele. Akaleta mkeka, kigoda na chanuo. "Kaa hapo, bojo," alisema, kwa lile neno letu la kubembeleza.

Niliketi. Magoti yake yalikuwa yamekonda, na moja lililia aliponibana. Khanga ilikuwa na moshi uleule. Alipaka mafuta kwanza kama nilivyomweleza, tukangoja yalainike, akaanza kufungua njia kutoka kipajini. Gamba la kwanza alitaka kuling'oa kwa ukucha.

"Usikwangue, mama. Ukikwangua panazidi."

"Nani fundi hapa?"

"Wewe. Lakini usikwangue."

Alinigonga na chanuo, kidogo, halafu akatii. Dawa ilidondoka ikawa baridi, ikachoma kidogo, kisha kidole chake kikaifuata mstari wote hadi kisogoni, mahali ambapo kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amefika.

"Tangu lini hiki?"

"Mwaka wa pili."

Alifungua njia nyingine. "Krismasi ya ile kazi ya utafiti."

"Ndiyo."

"Ulidhani nitasema."

"Ungesema, mama."

Nilimsikia akifikiri, jambo geni kwake. "Ningesema," alikubali. "Ningemwambia kila mtu. Lakini ningekuwa nakupaka huku nasema."

Tulikuwa tumefika katikati ya kichwa sauti ilipobisha hodi kutoka kwenye migomba. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mama jirani mwenye kifua kipana, yule aliyekuwa akiongoza zile rozari. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kilemba pale mkekani.

"Waitu! Si huyu hapa!" alisema, akipiga makofi. "Amerudi, na kilemba kavua! Nani anasema rozari haifiki? Unamsuka, mama?"

Vidole vya mama mdogo vilisimama. Nilingoja aanze. Nilimjua; swali la mgeni halikuwahi kukaa chini katika nyumba ile. Safari hii alishika chanuo katikati ya njia aliyoifungua, akangoja, na taratibu nikatambua kwamba ananingoja mimi.

Nikakiacha kilemba pale kilipokuwa.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Hanisuki, ananipaka dawa. Nina ugonjwa wa ngozi kichwani, hauambukizi. Sogea uone."