Phelista Aliyekuja Kumwogesha Mama

Miaka minane Phelista aliwaogesha wazee wa watu huko Uingereza. Aliwageuza kitandani, akawakata kucha, akawafuta haja, na kila jioni akakumbuka kwamba mama yake mwenyewe anaogeshwa na mke wa kaka. Aibu hiyo ilimkaa rohoni. Basi Desemba ya 2005 aliomba likizo, akaja nyumbani, kijiji cha Kwanza mbele ya Kitale, kwa siku kumi na moja na kwa haja moja tu: amwogeshe mama kwa mikono yake.

Alipokewa kama askofu. Jamaa walitoka hata Bungoma kuja kumtazama, kuku wakaisha bomani, akakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Phelista alifika ya tano hata ufagio hajashikishwa. Lenah, mke wa kaka yake, alimpokonya kila kazi huku akicheka.

"Pumzika, wifi. Si umetoka mbali?"

Siku ya sita Lenah alienda kusagisha mahindi. Phelista akapasha maji mbio mbio, akabeba karai, akaingia kwa mama. Na kwa mazoea ya kazi, bila hata kufikiri, akachomoa glavu mkobani akavaa.

Mama alikuwa amepooza miguu, si macho.

"Hiyo ni nini umevaa?"

"Ni glavu, mama. Kazini tunavaanga."

"Watu wa mochari ndio wanavaa hiyo. Kwani mimi nimekufa?"

Phelista alizivua, akazitupa, akanyoosha mikono mitupu. Wapi!

"Lenah ananiosha na mikono miaka tano, na hajawahi niogopa. Wewe ni mgeni. Rudi huko kwa kochi."

Akageukia ukuta, akamwita Lenah kwa kelele mpaka majirani wakasikia. Maji yakapoa karaini.

Kila asubuhi iliyofuata Phelista aliomba, na kila asubuhi alikataliwa. Ukatili wa mgonjwa hauna dawa, maana ni nani atamgombeza? Binti alilia kochini, na hapo hapo akaletewa chai.

Siku ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, mama alimwita Lenah.

"Nikikufa, huyu msimwite. Mwambieni baadaye, kama mumeshanizika."

Phelista alipiga magoti akaomba baraka. Mama akafumba macho. Njiani alijifariji kwamba ni hasira ya uzee, itaisha.

Aprili simu yake iliita wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa Lenah.

"Wifi, pole sana. Mama tulimzika Jumamosi."

"Jumamosi? Leo ni Jumatano, Lenah! Mbona hamkuniambia?"

"Si alisema? Ulikuwa hapo ukisikia."

Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na hilo lilimchoma Phelista kuliko tusi.

"Usijisumbue na mawazo," Lenah akamwambia. "Nilimwosha mimi mwenyewe."