Sinki la Karavani Pale Ruiru

Juzi, nikingoja baiskeli yangu gereji ya Ruiru, memsahib mmoja aliegesha karavani yake, gari lenye jiko na kitanda ndani, kando ya mtaro, akamgeukia mpishi wake.

"Maji ya sinki hayashuki. Umemwaga mafuta humo tena. Leo ni mwisho wako kwangu."

Mpishi alishika kofia mkononi.

Fundi Kalasinga wa gereji alichungulia chini ya karavani, akaweka jeki, akainua upande mmoja. Maji yakashuka yote.

"Bomba ni zima, mama. Karavani imelala upande. Nani aliegesha vibaya hivi?"

Memsahib akatazama viatu vyake.

"Ni mimi, fundi," mpishi akasema kwa upole. "Memsahib anisamehe."

Memsahib akarudi kwenye usukani. "Panda mbele," akamwambia.

Sijawahi kuona ombi la msamaha likimwasha hivyo anayeombwa.