Benchi la Nyuma na Nguruwe wa Phnom Penh

Mzee wa kanisa letu, yule anayewakemea watu wa Birmingham wasiguse nguruwe, nilimkuta sokoni Cambodia asubuhi na mapema, sahani ya nguruwe mkononi, na ya pili inamsubiri mezani.

Msinikunjie uso. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu.

Naitwa Annonciata. Nilizaliwa Bukavu, nikakulia kambini Kigoma, sasa naishi Newtown, hapa Birmingham. Kanisa letu ni dogo, tunasali kwenye ukumbi wa kukodi. Jina nalificha, maana wamo na watu wema.

Nguruwe kwetu ni marufuku. Siyo kula tu, hata ukisimama karibu na jiko lake unaitwa kikaoni.

Na mwenye rungu ni mzee huyo huyo, Papa Gédéon.

Sasa binti yangu Sagesse amechumbiwa na Raphaël. Kijana ana adabu, ana kazi, anampenda mwanangu. Kosa lake ni moja tu: wikendi anachoma mishikaki ya nguruwe kwenye kibanda chake kule Bordesley Green.

Papa Gédéon akasimama mbele ya watu wote: "Muchoma nguruwe hatapita mbele ya mazabahu hii. Jamais, hata siku moja!"

Mimi nilitaka mwanangu aolewe pale pale alipobatizwa. Nilikwenda kwa yule mzee mara nyingi, nikapiga magoti, akawa ananitazama kama kinyesi cha kuku.

Sagesse akaniambia, "Mum, please. Stop begging him. Tutaenda registry."

"Thubutu! Mwanangu haolewi ofisini kama anayefuata leseni ya udereva."

Basi, kanisa likatuma wajumbe Phnom Penh, mji mkuu wa Cambodia, kumtembelea kijana wetu mmoja anayehubiri huko. Akina mama wakanichagua mimi, kwa pendekezo la Papa Gédéon mwenyewe. Kiongozi wa msafara? Nani tena, na mkewe pembeni.

Huko kila asubuhi Papa Gédéon hali. Eti amefunga. Sisi tunakunywa chai, yeye anatuonea huruma, kisha anatoka "kutembea na Bwana."

Siku moja nikatoka mapema kutafuta tangawizi sokoni. Jamani, ile harufu! Miguu ilienda yenyewe.

Mama mmoja wa Kikhmer, mwenyeji wa pale, alikuwa ameinamia jiko la mkaa, anageuza vipande vyembamba vya nyama. Vimelowekwa kwenye kitunguu saumu, tui la nazi na sukari yao nyeusi. Moto mdogo, hana haraka. Anavikata, anavilaza juu ya wali, pembeni achari ya matango na kibakuli cha supu. Nyuma yake ananing'inia nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi nyekundu, imekauka vizuri.

Na mbele yake, kwenye kigoda cha plastiki, amekaa Papa Gédéon. Leso kifuani, asichafue tai.

Yule mama wala hakumuuliza anataka nini. Alimwongezea tu ngozi, maana mteja wake wa kila siku anamjua.

"Papa Gédéon," nikaita.

Hakushtuka, ndugu zangu. Hakushtuka kabisa!

"Ah, Mama Sagesse. Hii ni kuku ya kwao."

"Kuku ana ngozi nene hivyo?"

Akatafuna mpaka akamaliza. Akavuta kigoda kingine. "Ikala, mama. Kula. Hapa hakuna mutu anatujua, na ya ugenini haihesabiwe."

"Na Raphaël je?"

"Tukirudi, kesi ya mutoto nitaimaliza miye."

Nikakaa. Ndoa ya mwanangu ilikuwa kwenye sahani ile, ningefanyaje? Nikala. Na tusidanganyane, ilikuwa tamu. Kitimoto cha Kigoma, nguruwe wa utotoni mwangu kabla ya kanisa hili, nakiheshimu, lakini hiki kilinifanya nilambe vidole mbele ya mzee wa kanisa.

Nikarudi Birmingham nimejaa furaha. Nikaanza hadi kuulizia bei za vitenge. Mjinga mimi!

Sasa sikilizeni kanuni yetu moja, maana hapo ndipo nilipochinjiwa baharini.

Kwetu, anayemshtaki mwenzake kwanza ndiye shahidi, na shahidi haulizwi neno. Mshtakiwa anakaa benchi la nyuma, na haruhusiwi kumshtaki mtu mpaka adhabu yake iishe. Tena mtoto wake hafungi ndoa pale. Aliyetunga kanuni hiyo mnamjua.

Ibada ya kwanza tu baada ya safari, Papa Gédéon akasimama. Analia!

"Ndugu, roho inaniuma. Kule safarini niliona mama wa hapa hapa, anakula nguruwe."

Machozi ya kweli, yanatiririka. Mxiuuu!

Mchungaji akaniuliza, "Mama Sagesse, ulikula?"

"Nilikula. Na yeye ndiye aliye..."

"Shahidi haulizwi," Papa Gédéon akanikata, kwa upole wote.

Nikapelekwa nyuma. Sagesse akatoka nje analia, na ndoa ikafia pale.

Benchi la nyuma nikamkuta Arsène, fundi bomba, mtu ambaye nilikuwa nampita bila salamu kwa sababu alikula nguruwe. Akaninong'oneza, "Ulisafiri naye?"

"Cambodia."

"Mimi Brussels. Aliniambia ya ugenini haihesabiwi."

Dada mmoja pembeni akageuka. "Na mimi Lyon. Maneno hayo hayo!"

Looh! Arsène alikuwa anataka uzee wa kanisa. Yule dada aliuliza sadaka inakwenda wapi. Mimi nilikuwa nasumbua kuhusu ndoa. Kila aliyemkera yule baba alipewa safari, akakaribishwa mezani, akarudi kushtakiwa. Na kila mmoja alikaa kimya akidhani mjinga ni yeye peke yake.

"Arsène, adhabu yako inaisha lini?"

"Iliisha zamani. Nilibaki huku kwa aibu."

"Kwa hiyo unaruhusiwa kushtaki!"

"Nani ataniamini?"

"Simama! Usiposimama nakusimamisha mimi."

Akasimama. Akasema yote, tangu Brussels mpaka benchi.

Papa Gédéon akacheka, kanuni yake mwenyewe kaisahau. "Ni wivu tu. Nani mwingine aliona? Aseme!"

Sisi wa nyuma tumefungwa midomo, wa mbele wanatazama viatu vyao. Waoga wakubwa!

Ndipo Mama Fortunée akanyanyuka kwenye kiti cha mbele kabisa. Ni mke wa Papa Gédéon, mama ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu kanisani zaidi ya amina. Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya watu taratibu, akafika kwetu.

"Musogee," akasema.

Tukasogea. Akakaa.

Mchungaji akashangaa. "Mama Fortunée, unamshtaki mume wako?"

"Hapana, Pasta. Miye nilisafiri naye miaka yote. Nimekuja kuikala na wenye walikula naye kama miye."

We! Ukumbi ulilipuka. Mchungaji akamwonyesha Papa Gédéon benchi kwa kidole. Mwosha huoshwa.

Ile kanuni ilifutwa siku hiyo hiyo, maana ingebaki, ingebidi tununue mabenchi mengine. Sagesse akaolewa pale pale alipobatizwa, Raphaël wake amesimama mbele ya madhabahu, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Papa Gédéon hakurudi tena kwetu. Alihamia kanisa jingine, upande wa Sparkbrook. Nasikia wanamsifu ana machozi ya toba, na wameshampa kuongoza safari.

Kama unasali huko, usiseme hukuambiwa. Mtu akikukaribisha dhambini na kukuhakikishia kwamba haihesabiwi, ujue yeye ndiye anayehesabu.